Faili Lililofukizwa Udi

Walioamua kwamba kila mtoto anayesomea nyumbani lazima awe na faili la mwisho wa mwaka hawajawahi kukaa nyumba moja na Mahfoudh. Wangekaa naye siku moja tu, pale Hail, wangelifuta sharti lao wenyewe na kuomba radhi. Lakini wakubwa hawakai kwa watu. Wanakaa kwenye viyoyozi, wanachora mistari. Mstari wa kwanza waliuchora kwenye njia ya basi la skuli, ukapita mtaa wa pili, na Malak, mjukuu wa Mahfoudh, akabaki barazani na mkoba wake mgongoni. Mamake, Shaikha, anawahi kazini Qurum kabla mtoto hajaamka vizuri. Mahfoudh mwenyewe macho yake hayampi tena leseni. Basi Malak akasomeshwa nyumbani, kwa kompyuta, chini ya kituo kimoja cha masomo, na kituo nacho kikachora mstari wake: mwaka ukiisha, tutakuja kuliona faili.

Kwa haki ya Mungu, kituo kilisema faili liwe jepesi. Kurasa chache za hesabu, insha mbili tatu, picha za mtoto akifanya kazi zake, na chini ya kila kazi saini ya msimamizi wa nyumbani. Abla, yaani mwalimu wa kike wa kituo, atakuja kulitazama. Akiridhika, Malak anapanda darasa la nne. Asiporidhika, anarudia la tatu.

Na la tatu ndilo anakoingia Humam, mtoto wa khalati wake, dada wa Shaikha, mdogo kwake, ambaye juzi juzi Malak alikuwa akimfunga kamba za viatu. Humam hakungoja matokeo. Alikuwa akipiga simu kumwambia, "Malak, tutakuwa darasa moja. Ukitaka nikusaidie hesabu, sema usione haya." Malak akimaliza kumsikiliza anakwenda kuinamia vitabu vyake mpaka aitwe kula mara ya tatu.

Shaikha hakulifanya jepesi. Aliona mtu anayeambiwa "leta kidogo" akaleta kidogo ndiye anayechekwa. Alimwandikisha Malak kila kazi upya, na upya tena, zile za mwanzo zikichanwa, mpaka insha ya mtende ikawa haina hata nukta iliyopinda na Malak akawa hataki kuiona tende. Kila karatasi ikatiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kisha zote zikapelekwa kwenye duka linalotengeneza kadi za harusi, zikavishwa jalada la mahameli ya kijani lenye jina la mtoto kwa herufi za dhahabu. Chini ya jina, kwa herufi ndogo za dhahabu, palikuwa na jina la msimamizi: Mahfoudh.

Hilo jina la chini ndilo lililomlevya mzee. Maisha yake alifungua na kufunga geti la ghala moja Rusayl, akiamrishwa na vijana wasiojua hata geti lenyewe linafungukia upande gani. Hakuwahi kuwa msimamizi wa kitu. Faili liliporudi kutoka dukani alilipapasa jina lake kwa kidole gumba, akasema, "Wamechelewa sana hawa kunitambua."

*

Asubuhi ya siku ya abla, Shaikha alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Baba, faili liko juu ya meza. Usiliguse."

"Nna kazi gani nalo mie?"

"Abla anakuja baada ya alasiri. Nimeomba ruhusa ntoke mapema, lakini njia ile unaijua. Akinitangulia, mkaribishe, mpe kahawa, zungumza naye maneno mazuri. Na usimtaje waziri yeyote."

"Hata yule wa—"

"Yeyote, baba."

"Haya. Ntamsifia hali ya hewa."

Shaikha akavaa kiatu cha pili, akaondoka.

Mahfoudh alikaa mbali na faili mpaka adhuhuri, na hilo lihesabiwe. Baada ya kuswali akalisogelea. Akalinusa. Likawa linanuka gundi, linanuka kiatu kipya. Mgeni anakuja, tena mgeni mwanamke, mtu wa elimu, na kitu atakachotiwa mikononi kinanuka kiatu. Marehemu mkewe asingekubali. Mkewe hakuwa akitoa hata kitambaa cha kufutia mikono mbele ya mgeni bila ya kukipitisha kwenye moshi wa udi. Tangu afariki, nyumba hiyo haijafukizwa ipasavyo. Shaikha hununua manukato ya chupa, ya kupuliza, anapuliza huku akitembea kama anaua mbu.

Mzee akaingia stoo, akatoka na chetezo na kile kitundu cha fito ambacho nguo hutandikwa juu yake moshi upande. Nakiwala, msichana wa kazi kutoka Uganda, alikuwa akikata vitunguu jikoni. Akamwona anawasha makaa.

"Baba, leo kuna harusi?"

"Kuna faili."

Nakiwala akaja mpaka mlangoni na kisu chake. "Faili si nguo, baba."

"Najua si nguo. Ni heshima."

"Lakini lina nailoni ndani. Kila karatasi imevaa nailoni."

"Nailoni ya mfuko wa sokoni hiyo unayoisema weye. Hii ya duka la maharusi. Imelipiwa."

"Sawa baba. Mimi niko na vitunguu. Hata hapa sikufika."

Kusema kweli, Mahfoudh hakuwahi kufukiza kitu maishani mwake. Alichowahi kufanya ni kuvaa kanzu iliyokwisha kufukizwa na kutoka nayo. Alikumbuka makaa, alikumbuka udi, alikumbuka kwamba mkewe alikuwa akifunika juu ili moshi usipotee. Akalipanua faili, akalitandaza juu ya kitundu kama kanzu, akaweka udi wa kutosha harusi mbili, akafunika kwa blanketi. Lile nene, la baridi. Asichokumbuka ni kwamba mkewe alikuwa hatoki pale, mkono wake unaingia na kutoka chini ya nguo kupima joto. Yeye alikaa kwenye kochi kuangalia. Kochi likamfanyia linalowafanyia wazee wote baada ya chakula.

Kilichomwamsha ni harufu isiyokuwa ya udi.

*

Blanketi halikuungua. Mahameli nayo, ukiitazama kwa nje, ilikuwa nzima, hata dhahabu ilikuwa ikimeta. Ndani ndiko kulikokuwa na msiba. Mifuko ya plastiki ilikuwa imelainika, ikajikunja, ikashikana, ikawa kitu kimoja kama mkate wa ufuta uliotiwa sukari nyingi. Malak wa kwenye picha, anayepanda mbegu za bamia, alikuwa ameganda uso kwa uso na jedwali la saba. Insha ya mtende imeingia ndani ya mfumo wa jua.

"Ghafla tu," alisema Mahfoudh. "Wanatuuzia plastiki dhaifu. Hakuna mkaguzi anayekagua."

Malak alikuwa ametoka chumbani kwake. Alisimama akalitazama lile tofali la kijani. Hakulia, na ingekuwa bora angelia.

"Babu, ndo ntakaa na Humam."

"Hukai na mtu. Lete kisu cha siagi."

Kisu cha siagi kikapinda. Mzee akataka pasi, Nakiwala akaificha pasi. Kisha Mahfoudh akakumbuka kwamba ubani wa kutafuna ukiganda kwenye kanzu hutiwa kwenye barafu, ukabanduka wenyewe. Akafungua friza, akasukuma vipande vya nguru upande mmoja, akaliingiza faili.

"Sasa litanuka samaki," akasema Nakiwala.

"Litanuka samaki, lakini litafunguka."

"Baba, madamu akiniuliza, mimi nilikuwa na vitunguu."

Simu ikalia. Alikuwa ni Shaikha, na nyuma ya sauti yake honi zinapigwa.

"Baba, nimetoka lakini magari hayendi. Abla keshafika?"

"Bado."

"Na faili? Liko salama?"

Mahfoudh akaitazama friza. "Liko pahala pa baridi," akasema. "Endesha polepole."

*

Abla Kheiria alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye Kiswahili cha Unguja na mkoba mzito wa vifaili vya watoto wa watu. Alipovua viatu tu akasimama, pua juu. Nyumba nzima ilikuwa imejaa udi, na chini ya udi kuna kingine.

"Mzee wangu," akasema, "nimeingia sasa hivi. Mshanitolea udi?"

Mahfoudh akapigwa na haya mpaka masikioni. Kila mtu anajua kwamba udi hutolewa mwisho, mgeni akishakula na kunywa, na baada ya udi hakuna kukaa. Kumfukizia mtu mlangoni ni kumwambia apite zake.

"Hasha, bibie, hasha. Ule ni wa jana. Udi wetu mzito, hautoki. Karibu ndani, karibu kitako."

"Masalkheri basi. Mie sikai sana. Nna nyumba nyingine mbili. Nilitazame faili, nizungumze na mtoto, nende."

"Faili anakuja nalo mamake," akasema Mahfoudh. Maneno yalimtoka mepesi mno, hata mwenyewe akayashangaa. "Yuko njiani nalo. Tunywe kahawa."

Na hapo ndipo mzee alipofanya hila ambayo mtu wa kabila nyingine asingeweza kuifikiri. Kahawa humiminwa mwenye nyumba akisimama, dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, na mgeni hanyimwi mpaka mwenyewe akitikise kifinjani, kikombe chake kidogo. Akikitikisa, khalas, ametosheka, hapewi tena. Kheiria akanywa, akanywa tena, akatikisa. Mahfoudh akawa anaangalia dirishani. Akamimina.

"Nimetosheka, mzee wangu."

"Macho yangu haya, bibie. Leseni wameninyima kwa ajili yake."

Akanywa. Akatikisa, safari hii kifinjani kikalia kwenye pete yake. Mzee akamimina. Adabu ikamkaba abla wa watu, hakuweza kukirudisha kifinjani kimejaa. Ikaja halwa. Ikaja tende. Zikaja sambusa. Nakiwala akileta sahani anatazama chini kama mtu anayepitisha magendo.

"Weye ndiye msimamizi?" akauliza Kheiria, huku anapangusa vidole.

"Mie ndiye."

"Na unasimamia nini hasa?"

"Yote. Nyinyi wakubwa mmetuachia yote. Basi la skuli hamleti, sisi. Mwalimu hamleti, sisi. Kisha mnakuja kutukagua."

"Mie si mkubwa, mzee wangu. Mie ninatumwa."

"Kila mtu ninayekutana naye anatumwa. Mpaka leo sijamwona anayetuma."

"Ukimwona nisalimie," akasema Kheiria, akaweka kiganja chake juu ya kifinjani, kwa sababu dele lilikuwa linakuja tena. "Mtoto yuko wapi?"

"Anaswali."

"Toka nilipokuja?"

"Mcha Mungu sana."

Kheiria akatazama saa. Akafunga mkoba. "Mimi sitoweza kungoja. Sikuona faili, ntaandika sikuona faili. Masharti ndivyo yalivyo. Atarudia mwaka, na hapo si dhambi yangu."

Mlango wa jikoni ukafunguka.

*

Malak hakuwa akiswali. Muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, karatasi juu ya ubao wa kukatia vitunguu, anaandika. Alikuja moja kwa moja kwa babu yake, akamwekea karatasi mapajani na kalamu juu yake.

"Abla hapokei kazi mpaka iwe na saini yako," akamwambia.

Mahfoudh husoma, lakini polepole, midomo ikienda mbele na macho yakifuata. Palikuwa na kichwa cha habari, kwa Kiarabu safi cha skuli: Ripoti ya jaribio, kwa nini faili langu liko kwenye friza. Chini yake palikuwa na vifaa: faili, mifuko ya plastiki, makaa, udi, blanketi nene. Kisha yaliyotokea. Moto haukuonekana lakini joto lilikuwepo, kwa sababu blanketi lililizuia lisitoke. Plastiki ililainika ikashikana. Ilipotiwa kwenye baridi iliganda, lakini haikurudi kama ilivyokuwa, kwa hiyo haya ni mabadiliko yasiyorudi nyuma. Barafu ni mabadiliko yanayorudi nyuma. Palikuwa na mchoro wenye mishale, moshi unapanda, na pembeni ya moshi mtu mwenye ndevu kwenye kochi, mdomo wazi. Mstari wa mwisho uliandikwa: Aliyesababisha, msimamizi.

Mzee akaurudia mstari ule. Akaurudia tena, labda utabadilika. Akiutia saini, huyu mwanamke aliyemjaza halwa na uwongo atajua kwamba mamake haji na faili lolote. Asipoutia, hakuna karatasi nyingine yenye mkono wa mtoto nyumba nzima inayoweza kufunuliwa.

"Hapa," akanong'ona, "pa aliyesababisha. Weka hali ya hewa."

"Hali ya hewa haikulala, babu."

"Basi weka kiwanda cha plastiki. Wao ndio asili ya jambo."

"Babu."

"Au weka, haijulikani. Serikali kila siku inaandika haijulikani, hapana anayeikataza."

"Inajulikana," akasema Malak. Akamsogezea kalamu. "Babu, anakwenda zake."

Kheiria alikuwa keshavaa kiatu kimoja.

Mahfoudh akatia saini. Aliitia kubwa, ya hasira, ikavuka mchoro, ikampitia yule mtu wa kwenye kochi tumboni. Kisha akasimama, magoti yakalia, akaenda jikoni, akarudi na faili mikononi, linatoa mvuke wa baridi. Akalikalisha juu ya sinia, baina ya halwa na tende. Akampa Kheiria karatasi.

"Mamake hana kitu," akasema. "Nimekudanganya. Na kahawa pia nilikuwa nakuona unatikisa."

Kheiria akasoma amesimama. Alipofika kwenye mchoro akakaa. Akaligonga faili kwa ukucha, likatoa mlio wa sahani. Punje ya barafu ikadondoka kwenye halwa.

Shaikha aliingia wakati huo, funguo mkononi, abaya imemwendea upande kwa haraka. Akamwona abla, akatoa salamu. Akaliona faili. Akamtazama babake.

"Baba, hili limefanya nini?"

"Limebadilika," akasema Malak. "Halirudi nyuma."

Shaikha akajishika mdomo, akaketi chini pale pale kwenye zulia, na kwa muda hapana aliyejua kama analia au anacheka. Naye mwenyewe hakujua, mpaka alipoiona tende imegandia kwenye mahameli. Hapo mabega yakaanza kumtikisika.

Kheiria hakucheka. Alimwita Malak kando yake, akamuuliza saba mara nane. Akamuuliza kwa nini nje ya faili kuna maji na ndani hayamo. Malak akamjibu kwamba maji yale yanatoka hewani, hewa ya nyumbani ina unyevu, ikigusa kitu baridi unyevu unashuka, na kama abla hasadiki atazame gilasi ya babu ya maji baridi, pale mezani. Kheiria akaitazama gilasi ya babu.

"Na zile kurasa za ndani," akauliza, "aliziandika nani?"

"Mie. Mara tatu tatu. Mama alitaka ziwe safi."

"Hii uliandika mara ngapi?"

"Hii sikupata nafasi. Vitunguu vilikuwa vinaniwasha."

Kheiria akaitia ile karatasi ndani ya mkoba wake, peke yake, bila ya mfuko, bila ya mahameli. "Mwakani, bibie," akamwambia Shaikha, "karatasi kumi na kibanio. Basi. Tulisema jepesi, tulikuwa na maana jepesi." Akatoa fomu yake, akaandika, akaigeuza waione. Mwanafunzi: amepanda darasa la nne. Malak akaisoma mara moja tu, akakimbilia jikoni, na sauti ya Nakiwala ikasikika ikipiga kigelegele cha kwao, kifupi, kama mtu anayeita basi.

Lakini palikuwa na mstari wa pili, na Mahfoudh aliufikia baadaye, midomo ikitangulia. Msimamizi: arudie mwaka.

"Arudie vipi?" akauliza. "Mie?"

"Kuna somo dogo la wasimamizi, mzee wangu, linatolewa kwa simu. Ulitakiwa ulisikilize mwanzo wa mwaka. Hukulisikiliza."

"Hapana aliyenambia."

"Nilikwambia, baba," akasema Shaikha kutoka kwenye zulia. "Ukasema sauti ya yule bwana inakukumbusha meneja wa Rusayl."

"Hii ni dhulma," akasema Mahfoudh. "Mtu mzima kama mie hafelishwi mbele ya wanawe. Nnakata rufaa. Nnataka malalamiko yangu yende juu. Yanapelekwa kwa nani?"

Kheiria alikuwa mlangoni, kiatu cha pili kikimsumbua, tumbo limejaa kahawa. "Malalamiko yote ya nyumbani," akasema, "yanapokewa kwanza na msimamizi. Yeye ndiye anayeamua kama yana maana, ndipo anapoyaleta kwetu."

"Msimamizi yupi?"

"Wa nyumba hii."

Akaaga, akaenda zake. Mahfoudh akabaki amesimama na fomu mkononi. Kwa umri wake wote alikuwa akimtafuta mtu aliyekaa mwisho wa mambo, yule anayepokea na kuamua. Akarudi kwenye kochi, akakaa wima, akavaa kofia yake vizuri. Akayasikiliza malalamiko yake tangu mwanzo, kimoyomoyo, mpaka kwenye blanketi. Yalimchukua muda.

"Ehe, baba?" akauliza Shaikha. "Umeamua nini?"

"Nimeyakataa," akasema Mahfoudh. "Mtu mwenyewe hana adabu, na hana ushahidi."